Usiniambie "Tutaweka Sampuli Baadaye"

"Maiki ziweke popote, kiki na snea tutazibadilisha kwa sampuli kwenye miksi." Sentensi hii, ya kurekodi ngoma za muziki wa metali, imenichosha. Wapigaji wanaisema, wenye studio wanaisema, na mwisho wake ni uleule: mtu ana traki kumi na mbili za metali zinazosikika kama bati la paa, naye anauliza anunue sampuli zipi.

Sampuli, yaani milio ya ngoma iliyorekodiwa tayari, zinabadilisha kiki (ngoma kubwa ya mguu), snea (ngoma kali ya katikati) na tomu (ngoma za kando). Matoazi haziyagusi. Matoazi yanatoka kwenye maiki za juu, zile zinazosimamishwa juu ya seti, na ndani ya maiki hizohizo snea imo, tena kubwa. Kwa hiyo sampuli yako nzuri itakaa juu ya snea halisi uliyoirekodi ovyo, na zote mbili zitasikika. Isitoshe, programu ya triga, ile inayofyatua sampuli, haijui snea ni kitu gani. Inangoja kishindo kwenye maiki ya karibu. Haihati (matoazi mawili ya pedali) ikivuja humo kwa nguvu inayokaribia mapigo mepesi ya snea, umebanwa pande mbili: ukishusha kizingiti, haihati inafyatua sampuli, ukikipandisha, mapigo mepesi yanapotea. Na kwenye blast beat, yale mapigo ya kasi sana ya metali, mkono hauna nafasi ya kupanda juu, kwa hiyo mapigo mengi ni mepesi.

Ngozi ziwe mpya na ngoma ziwe zimekazwa sawasawa, hilo sitalijadili. Matoazi yainuliwe kadiri mpigaji anavyoweza kuvumilia, maana kila sentimita unayoyatenga na tomu ni uvujaji uliopungua bila kugusa ikwaliza.

Kiki. Kwa kasi ya mapigo 200 kwa dakika, noti za kumi na sita (nne katika kila pigo la hesabu) zinaachana kwa milisekunde 75. Wimbi la Hz 50 linachukua milisekunde 20 kuzunguka mara moja, kwa hiyo kati ya pigo na pigo hayatoshei hata mawimbi manne. Ndiyo maana besi ndefu inayopendeza kwenye rege hapa inageuka tope. Unahitaji mlio mfupi na "tk" ya wazi, na hiyo "tk" inaanzia kwenye nyundo ya pedali: tumia upande wa plastiki au mbao, na ubandike kipande kigumu pale inapogonga. Weka mto au blanketi ndani, liguse ngozi kidogo. Kisha ingiza maiki kupitia tundu la mbele mpaka ifike sentimita 5 hadi 10 kutoka ngozi inayopigwa, pembeni kidogo ya nyundo. Ukiiacha kwenye tundu lenyewe utapata mvumo zaidi na upepo unaopuliza kiwambo. Maiki ya Audix D6 imekwisha kuchimbwa katikati kiwandani, yaani masafa yake ya kati yamepunguzwa, basi usiichimbe tena kwa mazoea. Shure Beta 91A ikilazwa juu ya mto inatoa "tk" nzuri sana, lakini peke yake mara nyingi naiona nyembamba, hivyo naioanisha na maiki ya kiki ya kawaida, AKG D112 au Shure Beta 52A.

Snea. Maiki ya Shure SM57 inatosha, na anayekucheka kwa kuitumia mwache. Iweke sentimita 5 juu ya ngozi, pua ikitazama katikati. Kinachopuuzwa ni mkia. SM57 ni kadioidi, maiki inayosikia zaidi mbele, na kadioidi ni kiziwi mgongoni, nyuzi 180. Elekeza mkia kwenye haihati. Wengine wananunua superkadioidi, inayosikia mbele kwa wembamba zaidi, ili kupunguza uvujaji, halafu wanaielekezea haihati mkia vilevile. Superkadioidi si kiziwi mgongoni! Kiziwi chake kipo karibu nyuzi 126, upande wa nyuma, na mkiani pana sikio dogo. Izungushe mpaka haihati iangukie pale pasiposikia. Maiki ya chini ya snea igeuzwe polariti (wimbi lipinduliwe juu chini), kwa sababu fimbo ikitua, ngozi ya juu inaikimbia maiki yake huku ya chini ikiisogelea maiki yake.

Sasa fezi, yaani jinsi mawimbi ya maiki tofauti yanavyopishana, ambako ndiko seti nyingi hufia.

Maiki ya snea iko sentimita 5 kutoka ngozini. Maiki ya juu, tuseme, iko mita 1. Tofauti ni sentimita 95, na kwa mwendo wa sauti wa mita 343 kwa sekunde, snea inafika juu ikiwa imechelewa kama milisekunde 2.8. Ukizijumlisha, zinafutana pale ambapo sentimita 95 ni nusu ya wimbi: karibu Hz 180. Kwenye snea nyingi hapo ndipo ulipo mwili wake! Kisha tena 540, kisha 900, na kuendelea. Viwango visipolingana shimo linapungua kina, lakini halihami. Halafu mtu anapandisha Hz 180 kwa ikwaliza na kushangaa mbona hapajai. Geuza polariti ya maiki za juu: sasa 180 inajaa, na mashimo yanahamia 360 na 720. Wakati mwingine hiyo ni nafuu, wakati mwingine sivyo. Sikiliza zote mbili kwa sauti iliyolingana, kabla mpigaji hajaondoka.

Jibu ninalopewa ni kwamba maiki za juu za metali zinakatwa chini ya Hz 400 hata hivyo, kwa hiyo tatizo limekwisha. Halijaisha. 540 na 900 zimebaki, na kichujio chenyewe kinazungusha fezi kuzunguka pale kinapokata. Ukikata, angalia polariti upya.

Pima kwa kamba au kebo kutoka katikati ya snea hadi kila maiki ya juu, ziwe sawa. Zikitofautiana kwa sentimita 10 tu, ukijumlisha mono unapata shimo karibu na Hz 1700, na snea inavutwa upande mmoja. Kuhusu kusogeza traki za juu kwenye programu mpaka zilingane na snea, sijaamua moja kwa moja. Snea inanenepa kweli, lakini kiki na tomu zina umbali wao tofauti, na ile hisia ya hewa juu ya seti inapungua. Kwenye nyimbo za kasi huwa nasogeza. Kwenye za polepole naacha.

Tomu: MD 421 au e604, sentimita 5 hadi 8 juu ya ukingo, zikitazama katikati, migongo ikielekea matoazi. Usiweke geti (kifaa kinachozima sauti ndogo) wakati wa kurekodi. Utakata mikia kwa mkono baadaye.

Seti ya metali ni pana, kwa hiyo jozi moja katikati mara nyingi haifiki kwenye toazi la china. Tumia kondensa za kiwambo kidogo, SM81 au KM 184, juu ya makundi ya matoazi, sentimita 50 hivi, zikitazama kati ya kitovu na ukingo. Ukizielekeza ukingoni, toazi likiyumba utasikia mlio unaopeperuka. Toazi la ride na haihati zipewe maiki zao. Ride huzama zaidi gitaa zinapoingia.

Na kama sampuli utazitumia hata hivyo, zitoe kwenye ngoma hizohizo. Kila kitu kikiwa mahali pake, mwambie mpigaji apige kila ngoma peke yake mara kumi, kutoka wepesi hadi nguvu zote, kila pigo likiachwa lizime lenyewe, na maiki zote zikirekodi. Ni dakika 15. Fanya kabla ya wimbo wa kwanza, mikono yake ikiwa bado haijachoka.