Ndoa kutambuliwa kisheria: mfano wa Trinidad

Ndoa ikitambuliwa kisheria, maana yake dola inakubali kwamba hawa wawili ni mke na mume, kwa hiyo mirathi, matunzo na nasaba ya watoto ni mambo wanayoweza kuyadai mahakamani. Basi. Kama ndoa hiyo ni halali mbele ya Mungu, hilo ni suala jingine.

Kinachoniudhi ni mtu kusikia kuwa Trinidad na Tobago, nchi ya visiwa kule Karibiani, ina sheria nne za ndoa (ya jumla, ya Wahindu, ya Waislamu na ya Orisa), akarukia kusema kila dini kule inajitawala. Sivyo. Dini inaleta ibada na mfungishaji. Dola ndiyo inayompa mfungishaji huyo leseni na kutaka ndoa iandikishwe.

Wahindi walianza kufika kisiwa cha Trinidad mwaka 1845 kwa meli ya Fatel Razack, kufanya kazi za mkataba kwenye mashamba ya miwa. Wahindu wao walioana kama kwao: kibanda cha mianzi, pandit (kuhani wa Kihindu), moto katikati, wazee wakishuhudia. Ndoa hizo zikaitwa za mianzi. Njia ya kuziandikisha kwa ofisa wa wahamiaji ilikuwepo, ila wengi hawakuhangaika nayo. Wameshaoana, wakaombe nini tena? Jibu lilikuja msibani. Mume amefariki bila wosia, ameacha kipande cha shamba. Mbele ya sheria mjane si mke, na watoto aliowalea mwenyewe ni wa nje ya ndoa, hawarithi. Waislamu walipata sheria yao miaka ya 1930, Wahindu mwaka 1945, karne nzima baada ya meli ile. Orisa, dini yenye asili ya Wayoruba, ilisubiri hadi 1999.

Na sheria hizo dola hubadilisha itakapo. Zamani umri wa chini wa msichana kuolewa ulikuwa miaka 12 kwa sheria ya Waislamu, 14 kwa ya Wahindu, 16 kwa ya Orisa. Mwaka 2017 Bunge likaufanya 18 kwa wote.

Wengine husema kule ukiishi na mtu miaka mitano mmeshaoana. Sheria ya mwaka 1998 inawaruhusu walioishi pamoja miaka mitano, au waliozaa pamoja, kuomba mahakama matunzo na mgawo wa mali. Haiwafungishi ndoa. Nadhani tunachanganya na kwetu Tanzania, ambako Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema waliokaa pamoja miaka miwili na kujulikana kwa watu kuwa mke na mume hudhaniwa wameoana. Hata hapo, ndugu zangu, ni dhana tu, na mwenye ushahidi kinyume anaruhusiwa kuipinga.