Mfumo unaofuata wachezaji: maana yake nini?

Mashabiki tunapenda kusema "yule ni kocha wa 4-3-3" (mabeki wanne, viungo watatu, washambuliaji watatu), kana kwamba kazaliwa na namba hizo. Ni kweli kila kocha ana mfumo anaoupenda. Ila kikosi anachokikuta mara nyingi kilisajiliwa na mwenzake aliyefukuzwa, na hapo ndipo dhana ya mfumo unaofuata wachezaji inapoanzia: anatazama kwanza ana nani, kila mmoja anaweza nini na anashindwa wapi, ndipo anapanga mfumo. Jikune ujipatapo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Chelsea ya Uingereza chini ya kocha Antonio Conte. Septemba 24, 2016 walikuwa ugenini kwa Arsenal, na hadi mapumziko walishachapwa 3-0. Walicheza na mabeki wanne. Kulia alikuwa Branislav Ivanovic, miaka 32, kasi imeanza kumtoka. Katikati alikuwepo David Luiz, fundi wa pasi ndefu, lakini mwenye tabia ya kupanda na kuacha uwazi nyuma. Kipindi cha pili Conte akamtoa kiungo Cesc Fàbregas, akamwingiza beki wa kushoto Marcos Alonso na kubaki na mabeki watatu wa kati. Matokeo hayakubadilika siku ile. Baada ya hapo Chelsea ikashinda mechi 13 za ligi mfululizo.

Hakusajili mtu, maana dirisha la usajili lilishafungwa. Alichofanya ni kuwahamisha nafasi uwanjani wachezaji aliokuwa nao. Luiz alikaa katikati ya Gary Cahill na César Azpilicueta, hivyo akitoka kuufuata mpira wapo wa kumfunikia. Azpilicueta ni beki wa pembeni kwa asili, hana kimo cha kugombea mipira ya juu na mastraika, ila kwenye kukaba mtu kwa mtu humpiti kirahisi.

Na Victor Moses! Huyu alikuwa winga aliyetolewa kwa mkopo misimu mitatu mfululizo: Liverpool, Stoke City, West Ham. Conte akaona kwamba ana pumzi ya kupanda na kushuka upande mzima wa kulia, akampa kazi hiyo yeye peke yake. Kushoto Alonso alifanya vivyo hivyo. Hana mbio za kutisha, lakini krosi zake ni nzuri na kufunga anajua. Mpira ukipotea, wawili hao wanarudi na nyuma panakuwa na watu watano. Kwa sababu hiyo winga Eden Hazard akapunguziwa mzigo wa kumkimbiza beki wa wapinzani hadi karibu na lango la Chelsea, nguvu zake akazitunza kwa ajili ya kushambulia. Msimu ukaisha kwa ubingwa na pointi 93.

Wapo wanaodhani kocha anayebadilika hivi hana msimamo. Sikubaliani nao. Nidhamu ya Conte ya kukaba na kujipanga haikuguswa. Kilichobadilika ni nani asimame wapi.

Tena haikuwa mara yake ya kwanza. Alipoingia Juventus ya Italia mwaka 2011 alitaka 4-2-4 yenye mawinga wawili. Akamkuta Claudio Marchisio, na majira hayohayo wakasajiliwa Andrea Pirlo na Arturo Vidal, viungo watatu ambao huwezi kumweka hata mmoja benchi. Nafasi za katikati kwenye mfumo wake zilikuwa mbili, basi akaongeza ya tatu. Juventus ilimaliza ligi ya 2011/12 bila kupoteza hata mechi moja.