Mkishapakia, Mnafanya Nini Tena?

Swali hilo niliulizwa kwenye kikao cha bajeti, kwa sauti ya upole kabisa, na mtu ambaye sina sababu ya kuitilia shaka nia yake. Alitaka kujua kwa nini kitengo kinachosimamia hifadhi ya kidijitali ya kazi za kitaaluma chuoni kinaendelea kuomba watumishi, ilhali tasnifu na makala zote "zimeshahifadhiwa". Ajenda iliyofuata ilikuwa pendekezo la kuondoa nakala za karatasi za tasnifu ili rafu zipate kazi nyingine, na hoja yake ilikuwa ile ile kwamba zimeshahifadhiwa. Nimelijibu swali hili kwenye korido, kwenye semina na kando ya mashine ya kutolea nakala, na kila mara jibu langu limesahaulika kabla ya bajeti inayofuata kuandaliwa. Safari hii naliandika.

Nadhani sehemu ya lawama ni ya neno lenyewe. Programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili zina kitufe cha "Hifadhi", na mtu akikibonyeza kazi yake imekwisha, anaweza kufunga kompyuta na kwenda zake. Neno hilo hilo ndilo tulilolipa jina la huduma nzima. Lakini hata hifadhi ya wanyama haimlindi mnyama kwa nguvu ya ubao uliosimikwa langoni. Kuna watu wanaozunguka usiku. Kupakia faili ni kusimika ubao.

Nitaeleza kisa kimoja kwa urefu, kwa kuwa kila nikikifupisha hakieleweki. Miezi michache kabla ya kikao hicho, msomaji alituandikia kuhusu tasnifu ya isimu ya mwaka 2006. Faili lilifunguka vizuri na kurasa zote zilikuwepo. Alichoshangaa ni kwamba mwandishi alionekana kujipinga: maelezo yanasema lugha inayochunguzwa ina nazali ya kaakaa laini inayojitegemea (ŋ, sauti ya ng' katika "ng'ombe"), lakini kwenye majedwali sauti hiyo imeandikwa kwa herufi kubwa N, na alama za toni hazionekani kabisa. Nikalifungua faili, nikaona alichokiona. Kisha nikafanya kile tunachofundishwa kufanya: nikakokotoa upya hashi, yaani ile namba ndefu inayotokana na baiti zote za faili, nikailinganisha na iliyorekodiwa siku lilipopokelewa. Zilifanana tarakimu kwa tarakimu. Kwa kipimo hicho, hakuna hata biti moja iliyokuwa imebadilika, na ripoti ya mfumo ilisema faili liko salama.

Ukweli ni kwamba mwandishi alitumia fonti ya miaka ya kabla Yunikodi, mfumo unaoipa kila herufi namba yake, haujazoeleka, ambayo ilichora ŋ mahali ambapo kompyuta inajua pana N. Alipotengeneza PDF, fonti hiyo haikupachikwa ndani ya faili. Kwenye kompyuta yake na ya msimamizi wake fonti ilikuwepo, kwa hiyo wote wawili waliiona ŋ. Kwenye kompyuta ya msomaji wa leo haipo, na programu ya kusomea, kwa wema wake, imeweka fonti nyingine na kuonyesha N. Afadhali ingeonyesha miraba mitupu, kwa sababu mraba hupiga kelele na kila mtu hujua kuna kilichoharibika. Herufi N hukaa kimya, na msomaji anamlaumu mwandishi. Kiwango cha PDF/A, cha mafaili ya kutunzwa muda mrefu, ambacho kinadai fonti zote zipachikwe ndani ya faili, kilichapishwa mwaka 2005. Tasnifu ililetwa mwaka uliofuata, na mtumishi aliyeipokea hakukagua chochote zaidi ya jina la mwandishi na idadi ya kurasa. Mtumishi huyo nilikuwa mimi.

Kilichotuokoa ni nakala ya karatasi. Tuliitoa rafuni, tukaskani kurasa zenye majedwali, tukaziambatisha kama faili la pili, na tukaandika maelezo kwenye metadata, yaani taarifa zinazolielezea faili, ili msomaji ajue kwa nini rekodi moja ina mafaili mawili. Kazi hiyo ilichukua siku mbili, kwa tasnifu moja. Basi ukiniuliza tunafanya nini tena baada ya kupakia, tunafanya hayo, au tuseme tungeyafanya kama tungekuwa na watu.

Chanzo cha mkanganyiko ni cha zamani. Hifadhi hizi zilizaliwa na matumaini mawili ambayo hayakuwahi kuoana vizuri. Paul Ginsparg alianzisha hifadhi ya mtandaoni ya arXiv mwaka 1991 ili wanafizikia wabadilishane miswada. Mwaka 1994 Stevan Harnad akapendekeza watafiti wa fani zote waweke makala zao wazi kwenye mtandao. Mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Southampton kikatoa EPrints, programu ya kuendeshea hifadhi kama hizi, na mwaka 2002 chuo cha MIT pamoja na kampuni ya HP wakatoa nyingine, DSpace. Tumaini la kwanza lilikuwa kuwapokonya wachapishaji wa majarida ufunguo wa makala. La pili, ambalo Clifford Lynch, mtaalamu wa taarifa za kidijitali, alilieleza mwaka 2003 kwa uwazi ambao bado unanifaa, lilihusu chuo kikuu kubeba dhamana ya muda mrefu juu ya kazi za kidijitali za watu wake, zikiwemo zile ambazo hakuna jarida lingezitaka. Tumaini la kwanza hupimwa kwa wingi na kasi: makala ngapi, mapema kiasi gani. La pili hupimwa baada ya miaka 20, na kipimo chake ni mambo ambayo hayakutokea. Vyuo vingi viliyatia yote mawili kwenye seva moja, vikampa mkutubi mmoja, na kuanzia hapo ripoti ya mwaka ikawa inahesabu kilicho rahisi kuhesabika.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote, nalo ni imani kwamba kazi yenye kitambulisho cha kudumu imekwisha kudumu. "Ina DOI," naambiwa, kana kwamba udumu ni madini yaliyochanganywa ndani ya namba. DOI ni jina tu, lililosajiliwa kwenye mfumo wa Handle, yaani jedwali la mtandaoni la majina, pamoja na anwani inayoonyesha kitu kilipo sasa hivi. Kitu kikihama na mtu asiporekebisha anwani hiyo, jina litaendelea kumpeleka msomaji kwenye mlango wa nyumba iliyobomolewa, tena kwa uaminifu mkubwa. Kinachodumu, kikidumu, ni mazoea ya mtu fulani ya kurekebisha jedwali kila kitu kinapohama, na mazoea ya mrithi wake.

Ushahidi wa hili umetapakaa duniani kote na hauhitaji utafiti. DSpace inapowekwa kwa mara ya kwanza huja na kiambishi cha mfano cha Handle, yaani sehemu ya mwanzo ya kila kitambulisho, nacho ni 123456789. Kimewekwa hapo ili tu ujue mahali pa kuweka cha kwako. Chuo kinatakiwa kujisajili, kulipa ada ndogo ya mwaka na kupewa kiambishi chake. Idadi ya hifadhi ambazo hazikufanya hivyo inasikitisha. Tafuta namba hiyo mtandaoni na utakutana na tasnifu na makala za vyuo visivyojuana, zote zikitumia kiambishi kimoja, kila moja ikiwa na ukurasa unaomwagiza msomaji, kwa herufi nzito, anukuu kiungo hicho. Kiungo hicho hakimfikishi popote kupitia mfumo wa Handle. Kimeonekana kufanya kazi kwa miaka mingi kwa sababu tu anwani ya seva iliyotangulia mbele yake haijabadilika.

Nasi hatuna haki ya kucheka sana. Kiambishi chetu kilisajiliwa, lakini siku moja ya Ijumaa tulijulishwa kwamba jina la kikoa la chuo lingebadilika Jumatatu ili lilingane na nembo mpya. Anwani za Handle tulizirekebisha wikiendi hiyo. Hatukuweza kurekebisha maelfu ya marejeo ambayo watu walikuwa wameyanakili kutoka kwenye upau wa anwani wa kivinjari badala ya kunakili kitambulisho, na hawa siwalaumu. Tangu toleo la 7 la mwaka 2021, DSpace humpeleka msomaji kwenye anwani yenye mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, na huo ndio anaouona juu ya ukurasa na kuunakili. Tunamhubiria mtu anukuu kitu kimoja huku tukimwonyesha kingine kwa ukubwa zaidi.

Kuhusu matoleo ya makala nitasema kwa ufupi tu: muswada uliokubaliwa baada ya kupitiwa na wataalamu si rasimu ya kwanza, wala si PDF yenye nembo ya mchapishaji, na kwa kawaida ndio tunaoruhusiwa kuuweka wazi. Mtafiti anayeniletea faili lenye nembo ya jarida na kuniambia "hii ndiyo nzuri" ananirudisha kwenye barua pepe tatu ambazo wote wawili tungeweza kuziepuka.

Takwimu za upakuaji nazo zimenifanya nipoteze usingizi, na hapa sina jibu safi. Itifaki ya OAI-PMH, ambayo toleo lake la 2.0 ni la mwaka 2002, ilibuniwa makusudi ili mashine zije kuvuna metadata zetu, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mashine ni wageni tusiowaalika. Lakini roboti zinazokusanya matini kwa ajili ya kufunza mifumo ya akili mnemba hazipiti mlango huo. Zinabofya kila kichujio cha ukurasa wa utafutaji, mwandishi kwa mwaka kwa mada kwa lugha, mchanganyiko baada ya mchanganyiko, hadi seva inapiga magoti kwa kujibu maswali ambayo hakuna binadamu aliyeyauliza. Tuliweka kizuizi. Kilifanya kazi, ila mkusanyaji halali wa metadata naye alikwama nje, na tulichelewa kugundua kwa sababu grafu zilikuwa tulivu na tuliufurahia utulivu wenyewe. Vilevile, upakuaji uliporipotiwa kupanda mwaka mmoja kabla, tulipongezwa kikaoni. Sijawahi kurudi kueleza kwamba sehemu kubwa ya pongezi zile huenda zilikuwa za roboti.

Sina uhakika pia kuhusu sera za kuwalazimisha watafiti kuweka kazi zao kwenye hifadhi. Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, kilijulikana kwa uamuzi kwamba tathmini za ndani za wanataaluma zitaangalia yale tu yaliyowekwa kwenye ORBi, hifadhi yake iliyozinduliwa mwaka 2008, na kwa kujaza rafu sijui njia iliyofanya kazi vizuri zaidi. Nimekuwa nikiitetea kwa miaka. Hata hivyo, najua pia kinachotokea mtu anapoweka kazi yake kwa kuogopa tarehe ya mwisho: faili la kwanza analolikuta kwenye kompyuta ndilo linaloletwa, na fonti zake hakuna anayeziuliza.

Sasa hifadhi hizi zielekee wapi? Mimi ningeanza kwa kuacha kupamba ukurasa wa mbele. Wasomaji wengi huja moja kwa moja kwenye faili kutoka kwenye injini ya utafutaji, wakaondoka bila kujua walikuwa nyumbani kwa nani. Pili, ningekubali kwamba makala za majarida mara nyingi zina makao mengine, na kwamba nguvu zetu ziende kwenye vitu vyenye makao mamoja tu: tasnifu, ripoti za miradi, data za tafiti ndogo, rekodi za sauti zilizofanywa uwandani. Tatu, na hapa wenzangu hunikasirikia, sioni kwa nini kila chuo kiwe na seva yake. Ufaransa ina HAL, iliyoanza mwaka 2001, ambapo taasisi nyingi hutumia mfumo mmoja na kila moja ikawa na lango lake. Muda ambao watumishi wawili wa chuo kidogo wanautumia kupandisha toleo la programu ungetosha kukagua mafaili ya muhula mzima.

Kushirikiana mfumo, hata hivyo, si sawa na kukabidhi kila kitu kwa kampuni. Mwaka 2017 Elsevier, mchapishaji mkubwa wa majarida, ilinunua kampuni ya bepress, waliokuwa na Digital Commons, mfumo wa kuendeshea hifadhi, na maktaba zilizojenga hifadhi zao humo kwa lengo la kupunguza nguvu za wachapishaji wakubwa zikaamka zikiwa wateja wa mmoja wao. Sijui hasa mpaka kati ya hali hizi mbili uchorwe wapi. Mfumo wa pamoja nao hutegemea fungu la mtu, na fungu hilo laweza kukatwa kwenye kikao ambacho sitaalikwa. Tunawaahidi watu miaka mingi kwa fedha zinazopangwa mwaka mmoja mmoja, na kila ninapojaza fomu yenye neno "kudumu" mkono unasita kidogo.

Pendekezo la kuondoa tasnifu za karatasi limeahirishwa hadi kikao kijacho. Kwa sasa tunapitisha PDF za zamani kwenye programu inayoorodhesha zile ambazo fonti zake hazikupachikwa. Tutaanza na za isimu na hisabati, kwa kuwa huko alama moja ikibadilika hoja nzima hubadilika nayo, na kwa kila moja mtu atakwenda rafuni kuhakikisha nakala ya karatasi bado ipo. Nimeomba orodha hiyo ikamilike kabla ya tarehe ya kikao, na nimeomba pia ufunguo wa chumba zilimo rafu hizo ubaki kwangu hadi wakati huo.