MTBE haiozi? Si kweli kabisa

Tangu mwaka 1996, mji wa Santa Monica, California, ulipofunga visima vyake vilivyochafuliwa na MTBE, kemikali iliyochanganywa kwenye petroli ili iungue vizuri, na kupoteza karibu nusu ya maji yake, imerudiwa sana kwamba kemikali hiyo haiozi kamwe. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. MTBE huyeyuka majini kwa urahisi na udongo hauishiki sana, hivyo husafiri mbali kuliko benzini, kemikali nyingine iliyomo kwenye petroli, iliyovuja kutoka tangi lilelile.

Lakini huoza. Bakteria aitwaye PM1, aliyegunduliwa huko huko California, huila palipo na oksijeni ya kutosha. Shida ni kwamba karibu na tangi linalovuja, vijidudu vinavyokula petroli yenyewe huimaliza oksijeni kwanza, na MTBE hubaki ikivunjika polepole mno, pengine isivunjike kabisa. Ndiyo maana wahandisi hupuliza hewa ardhini.

Tena, kuvunjika si kutoweka (hapa hata wanaopinga uvumi huo huteleza). Njiani huzaliwa TBA, alkoholi inayochanganyika kabisa na maji na isiyonaswa vizuri na mkaa wa kuchujia. Kwa hiyo kipimo cha MTBE kikishuka kisimani, TBA nayo sharti ipimwe.