Mtama wa jirani: yanayosemwa Isimani na yalivyo shambani

Ukitoka Iringa mjini kwa barabara ya Dodoma, kabla hujashuka Mtera, unapita Isimani. Miaka ya 1950 na 1960 eneo hili lilisifika kwa mahindi. Mvua yake ni ya msimu mmoja, inaanza Novemba au Desemba, na ikikata Februari mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, umeumia. Ndiyo maana habari za mtama, uwele na mbaazi haziishi mnadani, msibani, wala kwenye kilabu cha ulanzi. Elimu iko humo, na chumvi pia.

"Elimu huletwa na bwana shamba, sisi tunapokea." Bwana shamba ana eneo kubwa na pikipiki moja, tena mafuta yakiwepo. Shamba la jirani unalipita kila siku. Unajua lilipandwa lini, lilipaliliwa mara ngapi, na jua lilipowaka majani yalifanyaje. Hata shamba darasa limejengwa juu ya hilo: wakulima wanapanda vipande tofauti, wanavikagua pamoja na kubishana wenyewe, mtaalamu akiwa muulizaji zaidi kuliko mhubiri.

"Mbegu iliyomtoa ndugu yangu itanitoa na mimi." Hii ndiyo inayotuumiza zaidi. Wengi wetu tuna undugu wa juu na chini: shemeji yuko Mufindi kwenye baridi na ukungu, wewe uko Isimani au Pawaga. Shemeji anasifia mahindi ya UH, yaliyozalishwa na watafiti wa Uyole, Mbeya. Hadanganyi. Ila yale ni mahindi ya miinuko na hayana haraka ya kukomaa. Ukiyashusha Isimani, mvua inaondoka hayajajaza punje. Kwa hiyo "Kamwene mnyalukolo (salamu ya Kihehe kwa ndugu), umevuna gunia ngapi?" liwe swali la mwisho. Anza na mwinuko, udongo, tarehe ya kupanda, na siku za kukomaa. Halafu mtafute aliyekosa. Kilabuni huwezi kumsikia, maana nani anajisifia shamba lililokauka? Lakini yeye ndiye atakayekuambia mbegu ile inashindwa wapi.

"Zao la ukame halihitaji maji." Linahitaji, hata kuota tu. Mtama unakunja majani, unasimama kukua, mvua ikirudi unaendelea. Aina ya mtama iitwayo Macia pia inaukwepa ukame: inakomaa kwa kama miezi mitatu na nusu. Ukichelewa kupanda, hutaukwepa.

"Mbegu ya jirani ni ileile ya dukani, tena bure." Inategemea zao. Mtama kwa sehemu kubwa hujichavusha wenyewe, basi ukichagua masuke mazuri yakiwa bado shambani, unaweza kurudia misimu kadhaa. Uwele hupokea chavua kutoka mashamba ya wengine na hubadilika upesi. Mahindi chotara ukiyarudia yanatoka mseto na mavuno yanashuka. Mihogo ina hatari yake: pingili za zawadi huja na batobato au michirizi kahawia. Nenda ukaone mashina yakiwa na majani, usingoje uletewe mzigo uliofungwa. Halafu kuna njia ambayo wengi hawaijui, mbegu za daraja la kuazimiwa ubora (QDS): wakulima waliosajiliwa wanazizalisha huko huko vijijini, na mashamba yao yanakaguliwa chini ya utaratibu wa TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu.

"Mtama ni chakula cha njaa." Viwanda vya bia vinanunua mtama mweupe, na havina njaa. Kinachowakimbiza watu kweli ni kwelea kwelea. Hapo jirani ana kazi kubwa kuliko kukupa mbegu: mkikubaliana kupanda wiki moja, ndege watagawanyika kwenye mashamba yote, na zamu za kuamia mtapeana. Ukipanda peke yako, mtama wako ukakomaa peke yake, kundi zima litatua kwako.