Yeremia 29:11 si ahadi ya mwezi ujao

Ukipanda matatu ya Kayole, Nairobi, asubuhi, si ajabu kukuta Yeremia 29:11 imebandikwa juu ya kiti cha dereva: Mungu anatuwazia mema. Wengi wetu huusoma mstari huo kama ahadi kwamba kazi, au viza, iko karibu. Sivyo.

Maneno hayo yametoka katika barua. Yeremia, akiwa Yerusalemu, aliwaandikia Wayahudi waliopelekwa uhamishoni Babeli mwaka 597 KK. Sura iliyotangulia, nabii mwingine, Hanania, anatabiri kwamba waliohamishwa watarudi ndani ya miaka miwili. Yeremia anasema ni miaka 70, katika mstari wa 10 wa barua yake. Yaani wengi walioisikia barua ile wangezikwa ugenini! Ndiyo maana mistari ya 5 hadi 7 inawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, na wauombee amani mji uleule waliopelekwa mateka.

Mimi naona hapo faraja kubwa zaidi, hasa kwa anayelipa kodi ya nyumba mtaani Pipeline mwaka wa sita akisubiri jibu la Mungu. Basi simu ikikuletea mstari mmoja alfajiri, fungua sura nzima. Haichukui muda mrefu, hata ukiwa umekwama kwenye msongamano wa Jogoo Road.