“Nti ndogo haina neno”: dhana potofu kuhusu sheria za vita

Baada ya alasiri, pale Mkunguni mbele ya ngome ya Lamu, kahawa hunywewa pamoja na habari za vita. Redio ikitaja hospitali iliyopigwa bomu, kuna mzee wetu mmoja ambaye hutua kikombe chake na kusema kwa Kiamu: “Nti ndogo haina neno mbee ya wakubwa,” yaani nchi ndogo haina la kusema mbele ya nchi kubwa. Wengi huitikia. Namheshimu mzee wangu, lakini neno hili nimeshindwa kulinyamazia, kwa sababu jibu lake liko kwa jirani zetu Wangazija, watu wa visiwa vya Komoro.

Dhana: nchi ndogo haiwezi kusimamia sheria za vita.

Tarehe 31 Mei 2010, wanajeshi wa Israeli waliivamia meli ya Mavi Marmara katika bahari kuu ikielekea Gaza na misaada. Watu 9 waliuawa, na wa 10 alifariki baadaye kwa majeraha. Waliokufa walikuwa Waturuki, mmoja wao akiwa pia raia wa Marekani, lakini bendera ya meli ilikuwa ya Komoro.

Mtu wa Lamu hahitaji kufafanuliwa uzito wa jambo hilo. Simama gatini utazame jahazi lililofunga: karibu na omo pamepakwa jina na nambari kwa rangi nyeupe iliyobabuka kwa chumvi. Nambari hizo ndizo zinazosema chombo kinajibu kwa nani. Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, nao unakwenda hivyo hivyo. Uhalifu ukitendeka ndani ya meli iliyosajiliwa na nchi mwanachama, mahakama hiyo ina mamlaka, hata kama nchi ya waliotenda si mwanachama.

Komoro, yenye watu wasiofika milioni 1, ilikuwa mwanachama tangu 2006. Mei 2013 ikalipeleka shauri Hague, makao ya mahakama hiyo. Novemba 2014 mwendesha mashtaka Fatou Bensouda, naye mtoto wa nchi ndogo ya Gambia, alisema upo msingi wa kuamini kwamba uhalifu wa kivita ulitendeka, ila haukufikia uzito unaotakiwa na mahakama. Komoro haikukubali. Iliwaendea majaji, na Julai 2015 wakamtaka aufikirie upya uamuzi wake. Mvutano ukafika hadi 2020, na uchunguzi haukufunguliwa.

Basi imefaa nini, ataniuliza mzee. Imefaa sana. Maneno “uhalifu wa kivita” yamo katika jalada rasmi kwa sababu visiwa alikotoka Habib Swaleh, aliyetujengea Msikiti wa Riyadha hapa mtaa wa Langoni, vilikataa kunyamaza. Na Novemba 2023 Komoro ilirudi mahakamani hapo pamoja na Afrika Kusini, Bangladesh, Bolivia na Djibuti, safari hii kwa ajili ya Palestina.

Wala si kujitia katika yasiyowahusu. Kifungu cha 1 cha Mikataba ya Geneva ya 1949, ambayo ndiyo msingi wa sheria za vita, kinaitaka kila nchi iliyojiunga iiheshimu mikataba na pia ihakikishe inaheshimiwa. Nchi hizo ni 196, na hakuna sehemu yoyote ya kifungu hicho inayopima ukubwa wa jeshi.

Dhana: hizi ni sheria za Wazungu.

Mikataba iliandikwa Geneva, ni kweli. Aliyeichochea ni Henry Dunant, raia wa Uswisi, baada ya kuona majeruhi walivyoachwa kwenye uwanja wa vita wa Solferino, Italia, mwaka 1859. Lakini mtoto yeyote aliyesoma madrasa hapa ameusikia wasia wa Sayyidna Abubakar, khalifa wa kwanza wa Waislamu, kwa jeshi lake: msiue mwanamke, mtoto wala mzee, msikate mti wenye matunda, waacheni watawa katika nyumba zao za ibada. Geneva ilikuja zaidi ya miaka 1,200 baadaye. Tukisema sheria hizi si zetu, tunajinyang’anya wenyewe.

Dhana: msalaba mwekundu ni alama ya Ukristo.

Ni bendera ya Uswisi iliyogeuzwa rangi. Hilali Nyekundu, alama ya mwezi mwandamo, ina kinga ile ile, na ndiyo inayotumiwa na ndugu zetu wa Komoro. Kosa letu liko kwingine. Katika kichochoro kimoja ninachopita kila siku kuna duka la dawa lenye msalaba mwekundu mkubwa juu ya mlango, umepakwa kwa mkono, rangi imechuruzika hadi kwenye fremu. Mwenye duka hana nia mbaya. Ila alama hiyo ni ya huduma za tiba za jeshi na ya vyama vya Msalaba Mwekundu, na ikizagaa kila mahali, siku ya risasi nani ataiamini? Msalaba wa kijani ungemtosha.

Dhana: makundi yenye silaha hayafungwi na sheria hizi, hivyo nasi tusifungwe.

Hapa pananiuma, maana kaunti hii ilizika watu zaidi ya 60 baada ya mashambulizi ya Mpeketoni na vijiji jirani, Juni 2014. Kifungu cha 3, kilichomo katika mikataba yote 4, kinahusu vita vya ndani ya nchi na kinazifunga pande zote: serikali na waasi. Raia asiyeshika silaha haguswi. Aliyejeruhiwa hutibiwa, hata kama saa moja kabla alikuwa akipiga risasi, na upande mmoja kuvunja sheria hakuupi mwingine ruhusa. Muuguzi anayemfunga bendeji mpiganaji kama huyo hajawa mshirika wake.

Kenya nayo ilijiunga na mikataba hiyo mwaka 1966, na Sura ya 198 ya sheria zetu inaruhusu atakayeivunja kwa ukiukaji mkubwa ashtakiwe hapa, awe wa taifa lolote, awe ametenda ndani au nje ya nchi. Sheria hiyo ni ya mwaka 1968.